Mkanda ni wa Mtu, Uzito ni wa Umma

Bondia asiyetarajiwa anapomwangusha aliyetarajiwa, furaha huwa ya wote kwa usiku mmoja, na asubuhi yake huanza hesabu ambayo wachache hupenda kuifanya. Nani anamfuata mshindi huyo? Nani yuko chini yake, na nani chini ya huyo? Daktari gani amempima, mkataba wake kausoma nani, na siku atakapoanguka yeye, uzito wake utabaki na watu au utabaki na mkanda mtupu? Maswali haya hayashangiliwi na mtu, ndiyo maana yakakabidhiwa mamlaka badala ya mashabiki. Gazeti hili linayaweka leo mbele ya Serikali ya Mapinduzi, Baraza la Taifa la Michezo la Zanzibar na chombo kinachosimamia ngumi visiwani, kwa sababu Unguja imeufungua mlango uliokuwa umefungwa kwa karibu miongo sita, na mlango uliofunguliwa kwa ngumi haitakuwa ajabu MMA, yaani mapigano ya mseto, nayo ikaupita.

Mfano tunao nyumbani. Tarehe 8 Septemba 2018, mjini Birmingham, Hassan Mwakinyo wa Tanga alimsimamisha Mwingereza Sam Eggington katika raundi ya pili, usiku ambao bango lilikuwa la Amir Khan. Aliitwa siku zikiwa zimebaki chache, wenyeji wakimtazama kama mtu wa kuijaza ratiba, akaondoka akiwa amepanda katika chati za BoxRec za super welter kutoka nafasi ya 174 hadi ya 16 duniani. Mkoba mmoja wa safari na raundi mbili za kazi zilitosha kuiweka Tanzania mahali ambapo fedha na mipango ya miaka mingi haikuwahi kuifikisha. Nchi ilishangilia, na ilistahiki kushangilia, maana mcheza kwao hutunzwa.

Lakini kumtunza mchezaji ni kazi moja na kuutunza mchezo wake ni kazi nyingine, na ni hii ya pili iliyokosa mwenyewe. Mwakinyo aliendelea kupigana na kushinda: Sergio Gonzalez wa Argentina jijini Nairobi mwaka 2019, Arnel Tinampay wa Ufilipino jijini Dar es Salaam mwaka huohuo, Jose Carlos Paz wa Argentina mwaka 2020, Julius Indongo wa Namibia, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, mwaka 2021. Ni orodha ya heshima na hatuna nia ya kuipunguza. Hata hivyo, katika mapambano yote hayo aliyesimama kona ya pili alikuwa mgeni aliyeshuka kwenye ndege. Kijana wa Kitanzania wa kilo 69 hakuoneshwa ngazi ya kupanda hatua kwa hatua mpaka apate haki ya kumkabili bingwa wa nyumbani, akishinda awe yeye, akishindwa arudi akijua amepungukiwa na nini.

Matokeo yalionekana Septemba 2022, Liam Smith alipomsimamisha Mwakinyo mjini Liverpool katika raundi ya nne. Kwa siku kadhaa mjadala wa nchi ukawa juu ya kiatu na kifundo cha mguu. Bondia alieleza lililomsibu, nusu ya mashabiki wakamwamini, nusu wakamcheka, na pande zote mbili zikasahau kuuliza swali lililokuwa wazi: akikosa huyu, ni nani? Taifa lililokuwa na uzito lingeumia kwa kupigwa mtu wake kisha likamtazama aliye nyuma yake. Sisi tulikuwa na mtu tu, na mtu akishindwa, kilichobaki mikononi kilikuwa maneno.

Majira yaleyale ya mwaka 2018 yalileta mshtuko mwingine, mkubwa zaidi kwa dunia, ambao unafaa kusomwa sambamba na wa Birmingham. Tarehe 4 Agosti, mjini Los Angeles, Henry Cejudo alimpokonya Demetrious Johnson mkanda wa kilo 56.7 wa UFC, kampuni ya mapambano ya MMA. Johnson alikuwa bingwa wa kwanza na wa pekee wa uzito huo tangu 2012. Aliutetea mkanda mara 11 mfululizo, rekodi ambayo hakuna bingwa wa kampuni hiyo aliyewahi kuifikia kabla yake, na Cejudo mwenyewe alikuwa ameshapigwa naye ndani ya raundi moja mwaka 2016. Majaji watatu waligawanyika, wawili wakampa Cejudo. Wangeamua vingine, pengine yaliyofuata yasingefuata.

Yaliyofuata ndiyo funzo. Kabla mwaka haujaisha Johnson aliachwa aende ONE Championship ya Singapore, kwa kubadilishana na mpiganaji mwingine, na wapiganaji wengi wa uzito ule wakaanza kuachishwa mikataba yao mmoja baada ya mwingine. Kwa miezi kadhaa ilisemwa waziwazi kwamba uzito mzima utafungwa, kwa hoja kwamba hauuzi. Watu waliokata kilo na kuvunjika mbavu kwa miaka ili wasimame kwenye foleni waliambiwa, bila kusemeshwa, kwamba foleni yenyewe huenda isiwepo. Haukufungwa. Cejudo aliulinda mkanda Januari 2019 kwa kumsimamisha T.J. Dillashaw kwa sekunde 32, na alipouacha mwishoni mwa mwaka huo, wale wachache waliokuwa wamebakizwa ndio waliouokoa: Deiveson Figueiredo wa Brazil na Brandon Moreno wa Meksiko walikutana mara 4 baina ya 2020 na 2023, na uzito uliosemwa hauuzi ukawa gumzo la wapenzi wote wa mchezo huo.

Uzito mwingine haukubahatika hivyo. Amanda Nunes alipostaafu Juni 2023, aliondoka na mikanda miwili, na mmoja wapo, wa wanawake wa kilo 65.8, haukupata mrithi kwa sababu hapakuwa na foleni nyuma yake. Alikuwa bingwa wa uzito uliokuwa karibu na yeye peke yake. Ukiitazama misiba hii miwili, ule ulioepukwa na ule uliotokea, unaona kwamba bingwa hodari hauhakikishii uzito wake uhai, wala mshtuko wa bingwa kuanguka hauuui. Kinachouhuisha au kuuua ni idadi na ubora wa watu walio baina ya nafasi ya pili na ya kumi na tano, watu ambao majina yao hayaandikwi kwenye mabango.

Katika UFC, mwenye mkanda, mwenye chati na mwenye mkataba ni kampuni moja, nayo ikiamua kufunga duka, wapiganaji wana mahali padogo sana pa kulalamikia. Kwetu sheria haiko hivyo na haifai iwe hivyo. Hapa leseni hutolewa kwa niaba ya umma, kwa chombo kinachoitumikia serikali, na kwa hivyo uzito wowote wa ngumi unaoanzishwa Unguja ni amana. Promota ana haki ya kutafuta faida yake, na bila yeye taa za ulingo haziwaki. Ila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na asiyetazamiwa kuvutia upande wowote ni msimamizi. Msimamizi akilegea, promota atafanya kile ambacho promota yeyote duniani hufanya: atauza jina lililopo leo, na kesho atatafuta jina jingine.

Hapa hatuna budi kuwatendea haki wale wanaosema mlango usingefunguliwa kabisa. Rais wa kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Amani Karume, alipiga marufuku ngumi baada ya Mapinduzi ya 1964, na vizazi viwili vya Waunguja na Wapemba vilikua vikijua ngumi kama kitu cha kusafiria, mpaka uvuke bahari. Wapo wazee wenye akili timamu wanaoamini hadi leo kwamba katazo lile lilikuwa rehema: kwamba mchezo ambao lengo lake halali ni kumfanya mwenzako apoteze fahamu hauwezi kuvishwa nguo ya adabu, hata uwe na mwamuzi na kengele. Hoja hiyo si ya kuchekwa. Juni 2022, mjini Durban, Simiso Buthelezi aliyekuwa akielekea kushinda pambano la mkanda alimpa kisogo mpinzani wake na kuanza kurusha ngumi kwenye kona isiyokuwa na mtu. Siku mbili baadaye alikuwa amefariki. Na Desemba 2024, jijini Dar es Salaam, ngumi za kulipwa zilimzika bondia aliyetoka ulingoni akiwa amepigwa. Anayetaka ngumi ziruhusiwe anapaswa kuwa na jibu kwa picha ya Durban, na jibu hilo lisiwe kwamba hata mpira huvunja miguu.

Upande wa pili nao una haki yake. Katazo halikuwazuia Wazanzibari kupigana. Liliwapeleka kupigana pasipokuwa na jicho la kwao. Kijana mwenye kipaji alilazimika kuhamia Dar es Salaam au Mombasa, akasaini karatasi ambayo nyumbani hapakuwa na mtu wa kumsomea, akapimwa au asipimwe, na akipata jeraha akarudi Unguja kama mgonjwa wa familia yake badala ya mwanamichezo wa nchi yake. Utamaduni wetu wenyewe haukuwahi kudai kwamba binadamu hana hasira. Kule Makunduchi, kila Julai katika Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili huchapana kwa migomba mbele ya wazee na wake zao, na mambo yakishatoka rohoni siku ile hutarajiwa yawe yamekwisha. Kinachoyafanya mapigano yale yasigeuke mauaji ni kwamba silaha imechaguliwa, muda umewekwa na wakubwa wapo. Serikali ilipoamua mwaka 2022 kuondoa katazo, haikukosea katika hilo, na gazeti hili linasimama na uamuzi ule. Lakini kuruhusu ni nusu ya tendo. Nusu ya pili ni kusimamia, na hapo ndipo mizani inapoanza kuelemea upande mmoja.

Tangu Agosti 2023, ngumi ziliporudi rasmi katika uwanja wa Mao Zedong, sura ya mchezo huu visiwani imechorwa zaidi na mabango kuliko na kanuni. Umati ule ulivutwa na Karim Mandonga, mtu anayejulikana kwa ulimi wake kabla ya rekodi yake, na usiku ule alipoteza mbele ya Muller Junior. Hatuna ugomvi na mchekeshaji mwenye glovu. Amewaleta watu viwanjani ambao hawakuwahi kununua tiketi ya ngumi, naye hulipia mzaha wake kwa mwili wake. Tatizo ni pale ambapo kufungua mchezo baada ya miaka karibu 60 kunapimwa kwa kelele za siku ya kwanza, na ratiba ya siku ya mia moja haiandikwi. Mapambano yakipangwa kwa kufuata nani anazungumzwa, kijana anayeshinda kimyakimya hapandi, na uzito wake unakosa mgongo hata kabla haujapata uso.

Jambo hili si la kufikirika kwa anayeishi huku Kiembe Samaki. Saa tisa za jua la Februari, kwenye barabara inayoelekea uwanja wa ndege, utamwona kijana akikimbia amevaa koti la mvua lenye kofia, mfuko wa plastiki umefungwa kiunoni ndani ya fulana, midomo imekauka na hana chupa ya maji. Anakata kilo. Ameambiwa na mwenzake wa klabu kwamba akishuka uzito mmoja chini atakutana na watu wadogo kuliko yeye. Hana daktari aliyemwambia ashuke kilo ngapi, wala tarehe ya pambano, wala mtu anayejua kwamba anakimbia. Desemba 2015 mpiganaji wa Kichina, Yang Jian Bing, alifariki akikata uzito namna hiyohiyo kabla ya pambano la ONE Championship, na kampuni ile ikabadilisha kanuni zake na kuanza kumpima mpiganaji maji mwilini pamoja na kilo zake. Ilihitaji maiti ili kanuni ibadilike. Zanzibar haina sababu ya kusubiri yake.

Na hili la kukata kilo litazidi MMA itakapofika. Mwaka 2025 ligi ya PFL ilianzisha mashindano yake ya Afrika chini ya uenyekiti wa Francis Ngannou wa Cameroon na kuyafikisha hadi Kigali, safari fupi ya ndege kutoka hapa. Visiwa hivi vina judo na karate za miaka mingi, vina walimu wenye nidhamu na vijana wanaojua kuanguka na kuangusha, yaani malighafi ambayo promota wa MMA huitafuta kwa tochi. Mtu atakuja na ombi la kibali. Ombi hilo likikuta mezani hakuna kanuni inayosema kiwiko kinaruhusiwa wapi, mwamuzi amefundishwa na nani na mkanda wa uzito upi utagombewa na watu wangapi, litaamuliwa kwa ukubwa wa bango. Wenye mamlaka watakuwa wamechagua kwa kutochagua.

Lipo pia suala ambalo viongozi wa pande mbili za Muungano hupenda kuligusa kwa ncha ya kidole. Michezo si jambo la Muungano. Bara ina Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na chini yake kamisheni ya ngumi za kulipwa, TPBRC. Zanzibar ina baraza lake. Utaratibu huu ni halali na una heshima yake, na hatutaki mtu aguse mamlaka ya visiwa. Lakini mwili wa bondia hauvuki bahari ukawa mwili mwingine. Oktoba 2023 TPBRC ilitangaza kumfungia Mwakinyo mwaka mmoja baada ya kujitoa katika pambano la Dar es Salaam, na Januari 2024 alipanda ulingoni Amaan, huku Unguja. Haiwi kazi ya tahariri kuamua nani alikuwa na haki katika mzozo ule, na huenda kila upande ulitenda ndani ya mipaka yake. Fikiria tu kwamba kilichomzuia mtu upande mmoja kingekuwa damu kwenye ubongo badala ya nidhamu. Adhabu ya utovu wa nidhamu inaweza kujadiliwa baina ya vyombo viwili. Amri ya daktari haiwezi, na bandari ya Malindi hapa Unguja haijui kuisoma isipoandikwa mahali ambapo pande zote mbili husoma.

Watakuwepo watakaosema kwamba tunadai makubwa kwa mchezo mchanga. Watasema ngumi za Unguja hazijapata wadhamini wa kutosha, kwamba gari la wagonjwa, daktari wa pembeni ya ulingo, vipimo vya kichwa na malipo yaliyowekwa kando kabla ya pambano ni gharama zitakazomfukuza promota mdogo, na kwamba promota mdogo ndiye anayempa kijana wa Ng'ambo pambano lake la kwanza. Tumeipima hoja hii na tunakiri kwamba ina ukweli ndani yake: kanuni nzito zikiwekwa siku moja huua kabla ya kulinda, na mchezo ukifukuzwa kwenye kumbi utarudi kwenye viwanja vya nyuma. Kwa sababu hiyo hatudai kila klabu iwe na vifaa vya Birmingham. Lakini asiyeweza kulipa gari la wagonjwa asimame nje ya ukumbi hawezi kuandaa pambano la watu kupigana vichwani, hivyo tu. Umaskini unaweza kuwa sababu ya ukumbi mdogo, mapambano machache na malipo ya chini. Hauwezi kuwa sababu ya mtu kufa kwa kukosa machela.

Wapo pia watakaouliza kwa nini tuhangaike na chati na foleni ilhali Tanzania haijapata hata mashujaa wa kutosha. Jibu ni kwamba mashujaa wanatokana na foleni. Mwakinyo alikuwa zao la bahati yake, jasho lake na simu iliyokuja kwa wakati, na kumtegemea mwingine atokee kwa njia hiyohiyo ni kuligeuza taifa kuwa mchezaji wa bahati nasibu. Uzito wenye watu kumi na tano wanaojulikana kwa majina, wanaopigana mara tatu au nne kwa mwaka na wanaojua kwamba kushinda kunawapandisha, hutoa bingwa hata kama hakuna simu inayolia kutoka Uingereza. Na bingwa huyo akianguka, kama ambavyo kila bingwa huanguka, aliyemwangusha anakuta kazi inaendelea.

Wajibu wa wenye mamlaka, kwa hiyo, unaweza kutajwa bila kuzunguka. Wa kwanza ni kuwa na daftari moja la afya la wapiganaji, linalosomwa na chombo cha Zanzibar na kile cha Bara kwa pamoja, ambamo aliyepigwa akapoteza fahamu huandikwa tarehe anayoruhusiwa kurudi, na pasiwepo kibali cha upande wowote kinachoivunja tarehe hiyo. Wa pili ni kuchapisha chati ya kila uzito, hata ikiwa na majina matano tu, na kueleza kwa maandishi kwa nini mtu amepanda au ameshuka. Uzito ambao haujafikisha idadi ya watu inayoeleweka usipewe mkanda, hata promota awe na mkanda mkononi na mpiga picha mlangoni. Wa tatu ni kuhakikisha malipo ya mpiganaji yamewekwa mahali salama kabla kengele haijalia, na mkataba wake uwe kwa Kiswahili anachokielewa, asainie mbele ya mtu asiyelipwa na promota.

Wa nne unahusu mizani. Kupima kilo siku moja kabla ya pambano bila kujua mtu alikuwa na kilo ngapi wiki mbili nyuma ni kubariki koti la mvua la Kiembe Samaki. Wapiganaji wapimwe zaidi ya mara moja, na anayeshuka kwa kasi isiyo ya kawaida azuiwe kwa manufaa yake, hata tiketi ziwe zimekwisha. Wa tano ni MMA: kanuni ziandikwe kabla ya ombi la kwanza la kibali, walimu wa judo na karate wakiwa ndani ya chumba, na itangazwe mapema kwamba kabla ya kanuni hizo hakuna pambano. Kusema “bado” leo ni rahisi kuliko kusema “basi” mbele ya msiba.

Na kwa kuwa wajibu hauwi wa serikali peke yake, wengine nao wataje sehemu yao. Vyombo vya habari, na gazeti hili likiwemo, vina deni la kuandika habari za bondia wa nafasi ya tisa kwa bidii ileile tunayoandikia matusi ya mikutano ya kupima uzito. Mashabiki wana deni la kutomzomea mwamuzi anayesimamisha pambano mapema, kwani mara nyingi ndiye mtu pekee ukumbini asiye na fedha juu ya matokeo. Makocha wana deni la kutupa taulo. Wapiganaji nao, kwa heshima yote tunayowapa, wanapaswa kujua kwamba kujitoa dakika za mwisho na kupanda ulingoni mgonjwa ni makosa mawili yanayofanana: yote mawili huharibu imani ya mnunuzi wa tiketi, na la pili huweza kuharibu zaidi ya hapo.

Serikali iliyothubutu kuondoa katazo la Mzee Karume ilichukua juu yake dhamana ambayo katazo lile lilikuwa limeiepuka. Kwa miaka karibu 60 hapakuwa na bondia ambaye Zanzibar ingeweza kuulizwa habari zake. Sasa wapo, na wataongezeka, na kila mmoja wao amepanda ulingoni kwa karatasi yenye muhuri wa umma. Gazeti hili halitaki mlango ufungwe tena. Linataka wenye ufunguo wasimame mlangoni. Baraza la Taifa la Michezo lichapishe kanuni, chati na utaratibu wa daftari la afya kabla halijaidhinisha pambano jingine lolote la mkanda katika ardhi ya Unguja au Pemba, na likishindwa kufanya hivyo, lisitoe kibali. Pambano lililoahirishwa linaweza kupigwa mwakani.